Sheria ya Moshi Usio na Moto

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Watungaji wa sheria wa Ulaya na Marekani hawakuujua msemo huu, lakini kwa muda wa karne nne walitunga amri zao juu ya tumbaku kana kwamba wameuhifadhi. Kila mara walipotaka kumzuia mvutaji katika nyumba ya watu wengi walikuwa na hakika kwamba ameshika kitu kinachowaka, na aliyetaka kumshtaki hakuhitaji hoja nyingi: alionyesha kidole kwenye lile kaa jekundu. Mwanzoni mwa karne hii kikatokea chombo kitoacho wingu pasipo kuwaka, na kaa likatoweka machoni pa hakimu. Hapo mabaraza ya sheria yakalazimika kujiuliza swali ambalo hayakupata kuulizwa kabla: je, ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikikataza miaka yote ile? Majibu yaliyotolewa katika New Jersey, New York na Wales hayafanani, na la Wales, ambalo halikukamilika, ndilo linalofundisha zaidi.

Tuanze na moto wenyewe, maana ndio ulioogopwa kwanza. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu kubwa ya Istanbul, Sultani Murad wa Nne alipiga marufuku tumbaku na kuzifunga nyumba za kahawa. Alikuwa na sababu nyingine pia, kwa kuwa katika nyumba hizo watu walizungumza habari za utawala wake kuliko alivyopenda; lakini moto ndio ulioipa amri ile sura ya haki. Miaka 29 kabla yake, mwaka 1604, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alikuwa ametoa kijitabu cha kuilaani tumbaku. Aghalabu watu hukikumbuka kwa matusi yake. Mimi naona jambo lililo kubwa zaidi ndani yake ni dogo kwa maneno: karibu na mwisho, mfalme anamtaja mke wa mvutaji, ambaye ama aivute naye na kuiharibu pumzi yake njema, ama avumilie uvundo wa mumewe siku zote. Huyu ni mtu asiyeshika kiko wala hakuomba moshi, ila yumo chumbani. Mfalme alimwona, kisha akapita. Akaitoza tumbaku ushuru mzito, na mke yule akasahauliwa na sheria kwa karne tatu na zaidi.

Aliyemrudisha alikuwa mtaalamu wa magonjwa wa Kijapani, Takeshi Hirayama. Mwaka 1981 alichapisha katika jarida la waganga wa Uingereza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake wa Japani ambao wenyewe hawakuvuta. Walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu kuliko walioolewa na wasiovuta. Makampuni ya tumbaku yalitumia fedha nyingi kuipinga hesabu yake, lakini uchunguzi mwingine uliofuata ukaiunga mkono, na mwaka 1986 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, akatoa taarifa nzima juu ya moshi wanaouvuta watu wasioutaka. Tangu hapo hoja ikageuka. Zamani ilikuwa adabu: mvutaji mwema huomba ruhusa. Sasa ikawa haki ya mtu na uhai wake.

Ikageuka tena kwa namna isiyotajwa mara nyingi. Mgeni wa mkahawa asiyependa moshi anaweza kuinuka akaenda zake. Mtumishi wa mkahawa hawezi. Ameuza saa zake 8 kwa mwenye nyumba, na hewa iliyomo imo katika mapatano hata kama haikuandikwa. Kwa hiyo sheria zilizofanikiwa zilisimama juu ya mfanyakazi, si juu ya mgeni. California ilizikataza sigara katika mabaa mwaka 1998 kwa sheria ya mahali pa kazi. Jiji la New York likafuata mwaka 2003. Tarehe 29 Machi 2004 Ireland ikawa nchi ya kwanza duniani kuzifunga sehemu zote za kazi zilizo ndani ya nyumba, pamoja na zile baa zake ambazo watu walidhani haziwezi kuwa baa bila moshi. Scotland ilifuata Machi 2006, Wales tarehe 2 Aprili 2007, na Uingereza yenyewe tarehe 1 Julai mwaka huohuo.

Inatupasa kusimama kidogo mbele ya maneno ya sheria iliyotumika Uingereza na Wales, iliyopitishwa mwaka 2006. Yasema kwamba kuvuta ni pamoja na kuwa na tumbaku iliyowashwa, au kitu kingine chochote kilichowashwa kilicho katika hali ya kuweza kuvutwa. Neno lililobeba mzigo wote ni "kilichowashwa". Tazama jinsi lilivyochaguliwa kwa busara. Sheria haimlazimu askari athibitishe kwamba mtu alivuta, wala kwamba pumzi yake ilimfikia jirani. Kushika tu kunatosha. Na yapo mantiki hapa, kwa kuwa sigara haimngoji mvutaji. Ikiwa kidoleni au juu ya kisahani cha majivu huendelea kuungua na kutoa moshi, na sehemu kubwa ya moshi ujazao chumba hutoka katika ncha ile iwakayo, si katika mapafu ya mtu. Waliotunga kifungu hiki walikijua vyema kitu walichopambana nacho. Kosa lao, kama ni kosa, ni kudhani kwamba hakitabadilika.

Kilikuwa kimekwisha anza kubadilika. Wazo la sigara isiyo na moshi wala tumbaku liliwahi kupewa hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1965, kwa jina la Herbert Gilbert, lakini halikupata mnunuzi katika zama ambazo karibu kila meza ya ofisi ilikuwa na kisahani cha majivu. Mwaka 2003 mfamasia wa Kichina, Hon Lik, aliyekuwa mvutaji mkubwa na ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, alitengeneza chombo cha betri kinachogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa ukungu. Mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa China, na jina lililokitangaza lilikuwa Ruyan, maana yake "mfano wa moshi". Jina hili lingewatosha wanasheria kuwa onyo. Chombo kilifanywa makusudi kifanane na kile kilichokatazwa, na papo hapo kisiwe hicho. Hakitoi kitu kikiwa mezani. Wingu lake lote hupita kwanza ndani ya mtu. Wala halina lami na hewa ya sumu zitokanazo na kuungua, ijapokuwa si maji matupu kama wauzaji wa mwanzo walivyopenda kusema: limo nikotini, zimo chembe nyembamba, na mna viungo vya harufu vilivyoidhinishwa kuliwa, visivyopata kupimwa kwa kuvutwa.

Kilipofika Ulaya na Marekani, kati ya mwaka 2006 na 2007, kilitangazwa kama sigara iwezayo kuvutwa mahali popote. Tangazo hili lilikuwa kweli kwa herufi ya sheria. Na hakika, kwa mfanyabiashara, mlango ule uliofungwa juzi kwa sigara ndio uliokuwa soko lake.

New Jersey ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuufunga. Julai 2009 idara ya serikali kuu inayosimamia dawa ilikuwa imetangaza kwamba katika baadhi ya vibweta ilivyovipima iliona chembe za vitu viletavyo saratani, na katika kimoja sumu itumiwayo viwandani. Januari 2010 ikatiwa sahihi sheria iliyoongeza maneno machache katika sheria ya hewa safi ya mwaka 2006: kuvuta kukawa pia kuingiza na kutoa moshi au mvuke wa chombo cha umeme. Mjadala haukuwa mkubwa. Kitu kilifanana na sigara, kikaandikwa kuwa sigara.

New York walitafakari zaidi, au tuseme walieleza zaidi. Baraza la jiji lilipiga kura tarehe 19 Desemba 2013, 43 kwa 8, na Meya Michael Bloomberg akaitia sahihi katika siku zake za mwisho madarakani. Amri ikaanza kutumika Aprili 2014. Sababu zilizotolewa zilikuwa za namna tatu. Kwanza, haijulikani mvuke huu utawafanya nini watu baada ya miaka mingi. Pili, mwenye baa aliye upande wa pili wa ukumbi hawezi kutofautisha wingu moja na jingine, na kwa hiyo sheria ya zamani itashindwa kutekelezwa. Tatu, watoto waliokua bila kuona sigara ndani ya nyumba wasirudishiwe picha ile machoni. Msomaji atambue kwamba ni sababu ya kwanza tu inayohusu mapafu ya jirani. Ya pili yahusu urahisi wa msimamizi, na ya tatu yahusu kuonekana. Mke wa mvutaji yule wa mwaka 1604 yumo katika moja kati ya tatu, na hata humo yumo kwa "huenda".

Chama kimoja cha watetezi wa wavutaji kikaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa ya ujanja, nami nakiri kwamba naipenda kwa ajili ya ujanja huo: katiba yao yataka kila sheria ihusu jambo moja tu, na mvuke si moshi, basi kuuweka mvuke katika sheria ya moshi ni kuchanganya mambo mawili. Mahakama haikukubali. Jambo, ilionekana, ni moja, nalo ni hewa ya ndani ya nyumba. Naona mahakama ilisema kweli kubwa kuliko zile sababu za baraza. Jimbo zima la New York likafuata mwaka 2017.

Hapa niruhusiwe kugeukia lugha yetu kwa kitambo. Kwa Kiingereza jina la tendo la mvutaji limetokana na moshi wenyewe. Pakosekanapo moshi, neno lenyewe latikisika. Kiswahili hakina shida hiyo. Sisi husema "kuvuta", na kuvuta ni kazi ya pumzi: mtu huvuta kiko, huvuta sigara, huvuta hewa, hata kamba huivuta. Kitenzi hakiulizi kama kuna kaa. Lau sheria ya mwaka 2006 ingalitungwa kwa Kiswahili na kuachwa kwenye kitenzi hiki pasipo nyongeza, wakili wa mwenye sigara ya umeme angalikuwa na siku ngumu. Sidai kwamba lugha yetu iliona mbele kuliko wengine. Nasema tu kwamba ugomvi huu ulikuwa na mizizi katika neno. Na katika nchi zetu ni Uganda iliyoukata kwa shoka: sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015 haikuuliza sigara ya umeme ivutwe wapi, bali ilikataza isiingizwe, isitengenezwe wala isiuzwe. Njia hiyo huondoa swali la chumba kwa kuondoa chombo, na ina taabu zake ambazo si za insha hii.

Wales nayo ilitaka kuacha chombo kiuzwe na kutawala chumba tu. Aprili 2014 waziri wa afya, Mark Drakeford, alitoa waraka wa mashauri uliopendekeza kwamba sigara za umeme zikatazwe katika nyumba zote za umma na za kazi zilizokwisha katazwa sigara. Juni 2015 muswada ukaletwa mbele ya Baraza la Taifa mjini Cardiff. Sababu zake zilikuwa zilezile za New York, lakini hali ilikuwa imebadilika, kwa kuwa waganga wenyewe walikuwa wamegawanyika, na kugawanyika kwao kulikuwa kwa haki. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri mwaka 2014 kwamba mvuke ukatazwe ndani ya nyumba hata itakapothibitishwa kwamba hauwadhuru walio karibu. Agosti 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ikasema kwamba sigara za umeme zina madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko sigara za moto. Chama cha madaktari kiliuunga mkono muswada. Jumuiya ya Wales iliyopigana na tumbaku kwa miaka mingi, ambayo mtu angaliitazamia iwe mbele, iliupinga.

Upinzani wa jumuiya hii haukuwa wa kuwapendeza wauzaji. Walimfikiria mtu aliyevuta sigara kwa miaka 20 na sasa anajaribu kuziacha kwa msaada wa chombo hiki. Mtu huyu akiambiwa atoke nje, atasimama wapi? Atasimama uani pamoja na wenye sigara, penye moshi ule alioukimbia, mkononi ana chombo kisichomshibisha kama kile kilicho mkononi mwa mwenzake. Sheria iliyotungwa kumlinda jirani yamrudisha mgonjwa kwenye ugonjwa. Ni hoja nzito. Waliomjibu kwa kusema habari za watoto na picha hawakumjibu.

Lakini lilikuwapo jibu, na lasikitisha kwamba halikusemwa kwa sauti. Kwamba kitu ni chepuko kuliko sumu kali hakumpi mtu haki ya kukitia katika pumzi ya mwingine aliyefungwa hapo kwa ujira. Ile asilimia 95 yapima hatari ya mvutaji mwenyewe akilinganishwa na sigara. Haimpimi mtumishi wa baa akilinganishwa na hewa tupu. Mwaka 2018 wanachuoni wa akademia za kitaifa za Marekani walikusanya uchunguzi wote uliopatikana, wakakuta ushahidi usio na shaka kwamba matumizi ya chombo hiki ndani ya nyumba huongeza nikotini na chembe katika hewa kuliko ilivyokuwa kabla. Kiasi ni kidogo kuliko cha sigara, na kwamba kiasi hicho huleta maradhi gani ni jambo jingine. Ila swali la kazi si maradhi peke yake. Hatumruhusu mwenye kiwanda kuwamwagia wafanyakazi nikotini kidogo kwa sababu ni kidogo.

Serikali ya Wales haikusimama hapo. Ilianza kupunguza. Marufuku ya nyumba zote ikawa orodha ya mahali: shule, hospitali, vyombo vya usafiri, nyumba ziuzazo chakula, baa zisizouza chakula zikaachwa. Kwa kufanya hivyo muswada ulimlinda mtoto aliye mezani na kumwacha mtumishi aliye nyuma ya kaunta, yaani ulimtupa yuleyule ambaye juu ya mabega yake sheria ya mwaka 2007 ilijengwa. Kwa maoni yangu ulikuwa umekwisha shindwa siku hiyo, kura au pasiwe na kura.

Kura ikaja tarehe 16 Machi 2016, siku ya mwisho ya kikao kabla ya uchaguzi. Chama cha Labour kilikuwa na viti 30 kati ya 60, kwa hiyo kilihitaji msaada. Wajumbe wa Plaid Cymru, chama cha uzalendo wa Wales, walikuwa wameachiwa kila mtu apige kura kwa dhamira yake. Ndipo waziri mmoja wa Labour, Leighton Andrews, akikumbusha mapatano ya zamani baina ya vyama hivyo viwili, alipotoa mzaha barazani wenye maana kwamba Plaid hupatikana kwa bei rahisi, kama mchumba wa jioni moja asiyedai karamu. Neno likatoka, halikurudi. Wajumbe wa Plaid wakaungana kuupinga muswada. Kura zikawa 26 kwa 26, na kura zikilingana hoja haipiti.

Wengi wameandika kisa hiki kama kichekesho, nacho kina haki ya kuchekwa. Lakini hesabu iliyoanguka siku ile haikuwa ya mvuke tu. Katika muswada huohuo mlikuwa na leseni za wachora chale na watoboa miili, na ulinzi wa watoto wasitobolewe sehemu za siri. Yote yakazama pamoja. Serikali iliporudi na muswada mpya ilivileta vitu hivi vyote isipokuwa mvuke. Sheria ya afya ya umma ya Wales ikapitishwa Mei 2017, na kuanzia Machi 2021 ikapanua marufuku ya moshi hata kwenye viwanja vya hospitali, vya shule na vya michezo ya watoto, mahali palipo wazi juu penye upepo. Ndani ya baa, mvuke ukabaki huru. Andrews mwenyewe alipoteza kiti chake cha Rhondda Mei 2016, na aliyemshinda alikuwa Leanne Wood, kiongozi wa Plaid Cymru.

Mwaka 2018 kamati ya sayansi ya bunge la London ilikwenda mbali upande wa pili, ikashauri kwamba mabasi na reli zifikirie upya kuwazuia wenye sigara za umeme. Novemba 2024 serikali nyingine ikapeleka katika bunge hilohilo muswada wa kuwapa mawaziri, wakiwamo wa Wales, uwezo wa kutangaza mahali pasipovutwa mvuke, miaka 8 baada ya kura za Cardiff kulingana.

Katika miaka hiyo 8 baa nyingi za Wales hazikuwa na wingu, wala si kwa sababu ya serikali. Makampuni ya reli yaliandika katika masharti yao kwamba mvuke ni sawa na sigara. Wenye maduka na wenye baa walibandika vikaratasi mlangoni, kila mmoja kwa maneno yake. Mwenye nyumba akitaka, mtumishi hupumua hewa safi. Asipotaka, hakuna kifungu cha kumwonyesha, kwa kuwa kifungu kilichopo chatafuta kitu kilichowashwa, na katika chombo kile hakuna kilichowashwa ila taa ndogo ya betri.